Andikeni mgawo wenu kabla pesa haijaingia

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbagala aliniandikia kuomba ushauri. Wako wanne, wamepata hoteli ya kupiga kila Ijumaa, na anataka kujua waanze kununua spika au kinanda. Nikamuuliza, pesa ya Ijumaa mtagawana vipi? Akajibu, "Kaka, sisi ni ndugu, hayo hayawezi kutusumbua."

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe.

Nilikuwa napiga besi kwenye bendi ya watu watano. Harusi, vipaimara, sendi-ofu, popote tulipoitwa tulikwenda. Shoo ikiisha tunaingia kwenye Hiace, taa ya ndani inawashwa, kiongozi wetu anahesabu noti juu ya boksi la spika. Anatoa mafuta, anatoa kodi ya vyombo, kinachobaki kinakatwa mafungu matano. Hakuna siku tuliyokaa tukasema "iwe sawa kwa sawa". Ilijiendea tu, nasi tukadhani imekubaliwa.

Halafu tukarekodi wimbo, na kampuni moja ikautaka kwa ajili ya tangazo. Ikalipa shilingi milioni 4. Mwimbaji na mpiga solo wakasema wao ndio waliotunga, kwa hiyo pesa ni yao, ila sisi watatu hawatatusahau. Tukapewa bahasha za kaki, kila moja na laki moja. Mpiga drams hakuifungua yake. Aliiweka juu ya ngoma ndogo, akachukua spana, akaanza kulegeza vyuma vya drams zake kimoja kimoja, akipanga chini kwa utaratibu. Hakutukana mtu. Tulikaa tunamtazama hadi akamaliza, akaita bajaji, akaondoka. Bendi ya miaka sita ikaishia hapo.

Rafiki yangu mpiga gitaa ndiye aliyenihadithia habari za The Smiths, bendi ya rock ya Uingereza, na tangu siku ile nimewahadithia vijana wengi, kwa sababu kisa chao ni chetu kilichofika mahakamani.

Ilikuwa mwaka 1982, Manchester, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza. Johnny Marr, kijana wa miaka 18 mwenye gitaa, alikwenda kubisha hodi nyumbani kwa Steven Morrissey, aliyemzidi miaka minne, mwenye maneno mengi ya kuimba lakini hana bendi. Wakaanza kutunga. Kwenye drams akaja Mike Joyce, na kwenye besi Andy Rourke, rafiki wa Marr tangu shuleni. Mwaka uliofuata wakachukuliwa na kampuni ndogo ya Rough Trade. Kati ya 1984 na 1987 walitoa albamu nne za studio, na ya pili ilishika namba moja Uingereza. Kama umekulia kwenye muziki wa dansi, msikilize Marr. Gitaa lake halikoromi kama la wanarock wengine. Linatiririka juu, safi, nyuzi moja moja, unaweza kudhani ni solo la kwetu lililopotelea kwenye baridi. Na chini yake lisikilize besi la Rourke linavyoimba. Mimi kama mpiga besi nasema bila kusita kwamba ukiliondoa, nyimbo zile zinabaki nusu.

Mkataba na Rough Trade ulisainiwa na wawili tu, Morrissey na Marr. Mapato ya bendi yakawa yanagawanywa asilimia 40 kwa Morrissey, 40 kwa Marr, 10 kwa Rourke na 10 kwa Joyce. Wawili wa juu walisema baadaye kwamba hivyo ndivyo ilivyoeleweka. Joyce alisema hakuwahi kukubali kitu kama hicho. Karatasi ya kuamua nani mkweli haikuwepo. Wazee walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la pili ninalowaomba vijana walitazame ni mzigo wa ofisi. Mtu wa kwanza kuwasimamia, Joe Moss, mfanyabiashara wa nguo aliyewaamini kabla hawajajulikana, aliondoka mapema. Baada yake hakuna meneja aliyedumu. Kazi za meneja zikamwangukia Marr, yuleyule anayetunga muziki wote na kukesha studio. Kwenye bendi yetu kiongozi, mmoja wa wale wawili waliochukua pesa ya tangazo, alikuwa hivyohivyo: anapiga simu za wateja, anagombana na mwenye vyombo, anakumbusha watu mazoezi, na usiku tunamtaka atabasamu jukwaani. Ninavyomwona leo, alipochukua ile pesa alikuwa anajilipa kwa uchovu ambao hatukuwahi kumshukuru. Angesema, tungemwongezea. Sikubaliani na alichofanya, lakini namwelewa.

Onyesho la mwisho la The Smiths lilikuwa Brixton, London, tarehe 12 Desemba 1986, kwenye usiku wa kuchangia mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Katikati ya 1987 Marr akajitoa, amechoka, akiwa na miaka 23. Albamu ya nne ilitoka Septemba mwaka huo, bendi yenyewe imeshavunjika.

Mwaka 1989 Joyce na Rourke wakadai haki yao kisheria. Rourke alikuwa na shida ya pesa, akakubali pauni 83,000 na asilimia 10 ya mapato ya mbele, akaacha madai mengine yote. Joyce akaendelea peke yake mpaka Desemba 1996, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba anastahili robo. Jaji alitegemea sheria ya ubia ya Uingereza ya mwaka 1890: watu wakifanya biashara pamoja bila kupatana vingine, faida ni sawa kwa sawa. Joyce akapata malimbikizo ya takriban pauni milioni moja. Morrissey akakata rufaa, na mwaka 1998 akashindwa. Marafiki wa Manchester walifikia kutoleana ushahidi, mmoja dhidi ya mwingine.

Lakini hapa vijana wengi hukosea, kwa hiyo nisomeni taratibu. Kilichogombewa ni mapato ya kurekodi na kupiga. Fedha ya utunzi ilibaki ya Morrissey na Marr, kwa kuwa wao ndio waliotunga, na hilo silo lililowapeleka mahakamani. Haya ni mafungu mawili tofauti. Mwimbaji wetu hakukosea kudai chake cha utunzi. Alikosea kulibeba na fungu la pili, lile la vidole vyetu sote vilivyosikika kwenye lile tangazo.

Kwa hiyo kijana wangu wa Mbagala, spika zitasubiri. Kaeni wanne, kabla ya Ijumaa ya kwanza, na daftari. Andikeni jina la bendi ni la nani mkiachana. Andikeni pesa ya shoo inakatwaje, na anayefanya kazi ya ofisi anaongezewa kiasi gani. Kila wimbo ukikamilika, andikeni siku hiyohiyo nani katunga maneno, nani katunga muziki, kwa asilimia, kisha mkausajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mkipata mkataba wa mtu wa nje, msikubali usainiwe na wawili kwa niaba ya wanne. Mtaona aibu kuzungumza haya. Mimi niliona aibu, na nilidhani aibu ile ni upendo.

Bendi niliyo nayo sasa ina ukurasa mmoja tu, umepigwa chapa, una sahihi sita, na nakala yangu nimeiweka kwenye mkoba wa gitaa. Kila Januari tunausoma kwa sauti. Mwaka huu dada yetu wa kinanda, ambaye ndiye mdogo kuliko wote, aliinua mkono akasema mipangilio ya nyimbo tatu aliifanya yeye na haikuandikwa popote. Chumba kikawa kimya. Mpiga solo akauliza, "Zipi?" Akazitaja. Tukazipiga pale pale, tukamsikiliza, kisha kiongozi akachomoa kalamu.