Dada, nyumba yako siyo stoo ya ukoo

Mwakeye wapendwa. Wiki hii kuna dada wa Gungu, hapa hapa Kigoma, kanitumia meseji, anasema nyumba imejaa mpaka watoto wanalala wamejikunja pembeni ya magunia, anapanga kila Jumamosi na ikifika Jumatano hali ni ileile, sasa anauliza anunue kabati la aina gani. Dada yangu usinunue kabati. Litajaa, na hela itakuwa imeshaenda.

Nikamuuliza kitu kimoja tu, humo ndani vitu ni vya nani? Akaanza kunitajia: mahindi ya baba mdogo, madumu ya mawese ya jirani aliyesafiri, makochi ya shemeji aliyehamia Dodoma, na yale mabegi ya shangazi kaja ya binti ambaye alishaolewa zamani na ana watoto. Vya kwake mwenyewe vilikuwa vichache mno. Wala sikushangaa, mimi hayo maisha nimeyaishi miaka.

Kwetu ni Kibirizi, sio mbali na mwalo. Kwa hiyo ndugu yeyote akishuka na boti kutoka vijiji vya ziwani mzigo unashukia kwetu, anayesubiri treni naye kwetu, "nakuachia tu mpaka kesho mama," halafu hiyo kesho inakuja masika yameshaisha. Mawese yanavuja, na doa la mawese kwenye sakafu mnalijua lilivyo. Dagaa ambao hawajakauka vizuri wanaita panya, panya wakimaliza dagaa wanahamia kwenye vitambaa vya wateja wangu, maana mimi ni fundi nguo. Fikiria nilikuwa nalipia sehemu ya kuweka cherehani sokoni wakati chumba ninacho, kodi yake nalipa mimi, ila kimejaa mali za watu!

Kiangazi cha mwaka jana nikasema basi. Nikapiga simu kwa mmoja mmoja tena kwa heshima zote, shikamoo baba, mzigo wako upo salama, naomba mwisho wa mwezi uje uuchukue au nikutafutie usafiri na nauli nitachangia. Wengi walikuja na wakanishukuru. Lakini wifi yangu akaandika kwenye grupu la familia kwamba nafukuza ndugu, kwamba siku hizi nimepata hela ya cherehani najiona. Ile meseji inaniuma mpaka leo, sitaficha. Nyumba ileile nimelaza watoto wa ukoo, nimewapikia, nimewauguza homa usiku, halafu magunia yakitoka ndio naitwa mchoyo? Mgeni aje, atakula ataoga atalala, mlango wangu uko wazi. Mzigo uende kwa mwenyewe.

Na leo kile chumba kina cherehani mbili na meza ya kukatia, Januari iliyopita sare za shule zilinizidi mpaka nikamuita binti wa kunisaidia. Chumba ni kilekile, sijaongeza hata tofali.

Kwa hiyo dada wa Gungu, toa vyote nje wakati huu jua lipo, usisubiri mvua za Novemba. Vya watu weka upande wao. Vya kwako pitia kimoja kimoja, ile mifuko ya rambo uliyokunja chini ya godoro tangu kabla haijapigwa marufuku Juni 2019 inasubiri nini? Sufuria zilizotoboka, pasi mbovu, mpe mnunuzi wa skrepa akipita na mzani wake. Vyeti vya watoto na karatasi za kiwanja visikae kwenye boksi chini, mchwa huanza na boksi, weka kwenye begi moja na ulitundike. Mahindi yenu ya kula yakishakauka vizuri tia kwenye mifuko ya kinga njaa, ile ya kuhifadhia nafaka yenye mifuko miwili ya plastiki ndani isiyopitisha hewa, funga kila mfuko wa ndani peke yake kabla ya kufunga wa juu, upange juu ya mbao, isiguse ukuta.

Halafu vile vya watu, dada, hapo ndipo penye kazi. Wanawake tumefundishwa kwamba mke mwema hakatai mzigo wa ukweni, na kwa sababu hiyo tunabanana na watoto wetu, tunanunua ndoo na makabati ya kupanga mali za watu wengine, na bado tunasemwa wachafu wageni wakiingia. Mungu hajakupa nyumba uwe mlinzi wa makochi ya shemeji. Kataa mapema, kabla dumu halijavuka mlango, ukikataa likiwa barazani ni maneno ya siku moja ila likishalala ndani inakuwa kesi ya ukoo.

Kwa baba mdogo usitume meseji, mpigie. Mumeo ndio aanze kuongea, akimaliza salamu na habari ya mahindi akupe simu na wewe uamkie, ili kesho asije mtu akasema ni maneno ya mke.