Mikono Yangu na Kidonda cha Mama

Mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani baada ya kufanyiwa upasuaji wa tumbo, jukumu la kumsafisha na kumfunga kidonda lilikuwa langu, na nilikuwa na hakika kwamba ningelimudu. Nilinunua glavu, pamba na bandeji, nikaweka chupa ya kitakasa mikono kando ya kitanda, na kila asubuhi nilinawa kwa sabuni kabla ya kuanza. Siku ya sita kingo za kidonda zikawa nyekundu na zenye joto, siku ya saba usaha ukaanza kutoka, na siku ya nane tukarudi hospitalini.

Muuguzi aliyetupokea hakunilaumu. Aliniomba tu nimwoneshe, hatua kwa hatua, jinsi nilivyokuwa nikimhudumia mama. Nikanawa, nikavaa glavu, nikavuta kiti, nikasogeza shuka, nikatia mkono mfukoni kuizima simu iliyokuwa ikiita, kisha nikapeleka vidole kwenye bandeji.

"Dada, simama hapo hapo," akasema kwa upole. "Tangu uvae glavu umeshika kiti, shuka, mfuko na simu. Sasa vyote hivyo unampelekea mama kidondani."

Siwezi kuthibitisha kwamba maambukizi yale yalitoka mikononi mwangu, kwa kuwa kidonda huweza kuingiwa na vimelea kwa njia nyingi, hata kutoka kwenye ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Lakini siku ile nilielewa kwamba tatizo langu halikuwa uvivu wa kunawa. Nilikuwa nikinawa mapema mno, halafu nikiichafua mikono kabla haijafika panapohusika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, linawataka wahudumu wa afya wasafishe mikono katika nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kufunga kidonda, baada ya kuwa katika hatari ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Anayeuguza mtu nyumbani anaweza kuzifuata nyakati hizo bila gharama yoyote ya ziada. Mimi sasa huandaa kila kitu kwanza, nikafungua pakiti za bandeji, nikaiacha simu chumba kingine, nikamweka mama vizuri, ndipo ninawe. Na bandeji ya zamani ikishatoka, navua glavu na kusafisha mikono upya kabla ya kugusa ile mpya.

Glavu, kwa kweli, ndizo zilizonidanganya zaidi. Mtu aliyezivaa hujiona amekingwa, akasahau kwamba zinabeba vimelea sawasawa na ngozi. Tena zinaweza kuwa na matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, na wakati wa kuzivua ni rahisi kujipaka uchafu, ndiyo maana mikono hunawiwa hata baada ya kuzitoa.

Kabla hatujaondoka, muuguzi yule alinifundisha jaribio ambalo ningependa kila mtu alifanye mara moja. Changanya mafuta ya kujipaka na unga kidogo wa mkaa, jipake mikono yote, kisha nawa kama ulivyozoea na utazame panapobaki weusi. Kwangu viganja vilitakata kabisa, lakini weusi ulibaki umezunguka kidole gumba cha mkono wa kulia, kwenye ncha za vidole, katikati ya vidole na chini ya kucha. Nilishtuka, kwa sababu ncha za vidole ndizo nilizokuwa nikishikia pamba. Tangu hapo nimekata kucha zikawa fupi, nimeacha kuvaa pete ninapomhudumia mama, na kila kidole gumba hukizungusha peke yake ndani ya kiganja cha mkono mwingine. Kusugua kwa sabuni kunahitaji angalau sekunde 20, na maji ya baridi yanafaa sawa na ya moto, mradi yawe safi na yanatiririka.

Mkono kuonekana safi hakutoshi, na jambo hilo lilijulikana zamani. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya uzazi mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba akina mama waliozalishwa na madaktari na wanafunzi wao walikufa kwa homa ya uzazi kwa wingi kuliko waliohudumiwa na wakunga. Madaktari hao walitoka kupasua maiti wakaenda kuzalisha, na ingawa walinawa kwa sabuni, mikono yao iliendelea kunuka maiti. Alipowaamuru wanawe kwa maji ya chokaa yenye klorini, vifo vilivyokuwa takribani 18 katika kila akina mama 100 mwezi Aprili vilishuka hadi kama 2 mwezi Juni.

Kuhusu vitakasa mikono, chagua chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60, na usugue mpaka mikono ikauke yenyewe. Havifai mikono ikiwa na uchafu unaoonekana. Mgonjwa akiwa anahara au kutapika, rudi kwenye sabuni na maji, kwa maana baadhi ya vimelea vya kuhara huistahimili alkoholi. Baada ya kunawa, kausha vizuri, kwani mkono uliolowa hupokea na kuachia vimelea kwa urahisi zaidi. Na taulo moja la nyumba nzima si la kukaushia mikono inayokwenda kwenye kidonda.

Wengi huona haya kumuuliza mhudumu wa afya kama amesafisha mikono. Mimi pia niliona haya, mpaka nilipomsikia mama, siku tuliyorudi kuondolewa nyuzi, akimwambia daktari kijana, "Samahani mwanangu, naomba utakase mikono kwanza, kidonda hiki kimeshaniumiza sana." Daktari akamshukuru, akaenda kwenye sinki.