Kazi huletwa na mtu wa mbali

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kijana wa kijijini akitaka kazi isiyo ya jembe, kinachombeba ni cheti, mtaji au kujuana? Nawajibu kutoka Mufindi, mkoani Iringa, ambako ukiacha mahindi na viazi watu wanaishi kwa miti. Ni kujuana. Ila si kule kunakolalamikiwa vijiweni, kwamba fulani ana mjomba ofisini. Wajomba zetu wengi wanalima kama sisi.

Chukueni mashine ya kupasulia mbao, ile tunayoiita dingdong. Mwenye nayo yuko Mafinga au Makambako, pengine Dar es Salaam. Akishanunua miti ya mtu huku kwetu habandiki tangazo, anampigia simu msimamizi wake: kesho nataka vijana sita, wawili wawe wanajua cheni so, yaani msumeno wa injini. Msimamizi naye usiku huohuo anawapigia anaowajua, na alfajiri gari linawachukua njia panda. Dizeli ikipungua kwenye dumu, anayekatwa hela ni huyo msimamizi. Sasa atamchukuaje mtu asiyemfahamu? Mkataba wa maandishi hakuna. Jina la aliyekuleta ndiyo dhamana yako. Kwa hilo simlaumu sana.

Lakini ndugu na majirani hawatusaidii katika hili kama tunavyodhani. Watakupa unga, watakuuguza, watakuzika, ila habari za kazi walizonazo ni zilezile ulizonazo wewe. Wote mmezisikia kwenye kilabu kimoja cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika kuhusu watu wa karibu na Boston waliopata kazi kupitia mtu wanayefahamiana naye. Ni asilimia 17 hivi tu waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Waliobaki walionana naye mara mojamoja, wengine kwa nadra sana. Wale walikuwa wasomi wa mjini na sisi ni wapasua mbao, lakini hata huku ni hivyohivyo. Vijana wa kwetu waliokwenda kusimika nguzo za umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, hawakupelekwa na kaka zao. Aliyewafungulia njia ni dereva wa Fuso aliyekuwa akija kubeba viazi. Alikuwa akila kwa mama mmoja, akazoeana na wanawe. Siku aliposikia huko alikoshusha mzigo kwamba mkandarasi anatafuta watu, akawapigia.

Bodaboda nazo nyingi si za wanaoziendesha. Ni za mwalimu, nesi au mwenye duka, mara nyingi watu wa kuja. Kijana anapewa kwa mkataba, analeta hesabu, muda ukitimia chombo kinakuwa chake. Mwalimu mgeni atampata wapi wa kumwamini? Kwenye kwaya, au kwenye timu ya mpira. Nimemwona beki mzuri, mpenda ulanzi, akikabidhiwa pikipiki mpya huku mwenye leseni akibaki kutazama. Haki hapo hakuna, nakubali.

Wanaoumia zaidi ni mabinti. Habari hizi zinapita njia panda, kilabuni na uwanjani, na binti akishinda huko atasemwa. Kwenye kambi za mbao nafasi yake ni kupika, nayo kwa kawaida imeshachukuliwa na shemeji wa msimamizi. Afadhali vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, maana mke wa mtumishi na mkulima wanakaa mkeka mmoja kila wiki. Mdogo wangu wa kike alisikia huko kwamba wakala wa fedha pale sokoni anatafuta mtu wa kukaa kibandani.

Wanaosema mtaji kwanza waangalie mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejea 2024. Mwanamke au kijana haendi peke yake, anakwenda na kikundi. Kwa hiyo hata hela yenyewe inataka kwanza uwe na watu.

Ombi langu ni dogo. Mkandarasi akiingia kijijini hupita kwa mtendaji kujitambulisha. Basi amwachie karatasi ya kazi anazotaka watu, ibandikwe ukutani pale panapobandikwa mapato na matumizi. Binti aliyefuata barua ya utambulisho ataisoma palepale, bila kumwomba mtu namba ya simu.