Mwache akuzoee kwanza

Dada wa Uyole, huyo mbwa wako wa miezi miwili anayejibanza chini ya kochi ukimwita si mkaidi, anaogopa tu. Usimvute. Wangu nilimvuta, akanikojolea miguuni, nikapoteza wiki nzima kumrudisha.

Keti sakafuni, mgeuzie ubavu wako, usimkodolee macho. Mrushie dagaa mmoja mmoja (wa Nyasa, wasiotiwa chumvi), leo karibu naye, kesho karibu nawe kidogo. Siku akija mwenyewe kukunusa, usikimbilie kumpapasa kichwani: mkono unaotokea juu unamtisha. Mkune kifuani, hesabu hadi tatu, acha. Akisogea kuomba tena, umempata. Akilamba midomo, akigeuza uso au akipiga miayo bila usingizi, bado.

Halafu baridi ya huko mwezi wa sita, jamani! Mtandikie gunia na blanketi kuukuu ndani ya boksi, mbali na kelele za watoto. Ila usikawie sana kumzoesha, maana ni kabla ya kupita wiki ya 12 au 14 ya umri wake ndipo anapozoea watu na sauti mpya kwa urahisi. "Kaa" na "njoo" anza akishakula mkononi mwako.