Moshi wa kiangazi Lubumbashi: namna ya kuufuatilia kwa setelaiti

Kuanzia mwezi wa tano anga ya Lubumbashi hugeuka rangi, na kila mtu ana wa kumlaumu: wachoma makala, tanuru za matofali, malori ya migodi, moto wa pori upande wa Zambia. Picha za setelaiti husaidia kujua nani ana mkono siku hiyo, ila humpotosha kirahisi mtu asiyejua zimepigwa saa ngapi.

Fungua worldview.earthdata.nasa.gov, tovuti ya NASA ya picha za setelaiti. Ni bure, haidai akaunti. Chagua picha ya rangi za kawaida ya VIIRS, kamera iliyo kwenye setelaiti za NOAA-20 na NOAA-21. Setelaiti za Terra ya 1999 na Aqua ya 2002 zimezeeka, hazishiki tena saa zake za zamani, na huku kwetu karibu na ikweta picha zake huacha mapengo. Ongeza tabaka la moto la VIIRS: kila nukta nyekundu ni kipande cha ardhi cha kama mita 375 chenye joto lisilo la kawaida. Usibane picha kwenye mji peke yake; panua hadi Likasi, Kasumbalesa na ziwa Mweru vionekane pamoja.

Moshi una rangi ya kijivu cha samawati, ardhi huonekana kupitia humo, na huanza mwembamba kwenye nukta kisha hutanuka upepo unakoelekea. Wingu ni jeupe na lina kivuli. Ukisita, washa mchanganyiko wa rangi bandia wa VIIRS uitwao M11-I2-I1: moshi mwepesi karibu utoweke wote, mawingu yabaki, na ardhi iliyoungua ijitokeze kwa rangi ya kahawia nyekundu.

Sasa suala la saa, ambalo ndilo huwakosesha wengi. VIIRS hupita kwetu karibu saa saba na nusu mchana. Wakati huo jua limeshapasha ardhi na hewa imechanganyika hadi juu. Alfajiri mambo ni tofauti kabisa: usiku ardhi hupoa, hewa ya chini hupoa nayo, na hewa yenye joto iliyo juu huikalia kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa mbabula na tanuru hubaki humo humo tunamovuta pumzi, hadi jua lipande. Setelaiti inapofika, umeshatawanyika. Kwa hiyo picha safi ya mchana haisemi lolote kuhusu asubuhi ya mtoto anayekwenda shule.

Kinyume chake pia hutokea. Tabaka la AOD (kipimo cha jinsi hewa inavyozuia mwanga) hupima moshi na vumbi lote kutoka ardhini hadi angani. Chini ya 0.1 anga ni safi. Karibu na 1 jua lenyewe hufifia. Lakini moshi huo unaweza kuwa unapita juu sana bila kugusa mapaa. Angalia pia tundu katikati ya moshi mzito: mara nyingi kompyuta imeudhani wingu ikaacha kuupima, wala si kwamba hapo ni pasafi.

Ndiyo maana upepo lazima utazamwe. Kwenye Windy, tovuti ya ramani za upepo, chagua 850 hPa, kiwango cha urefu kinachotajwa kwa shinikizo la hewa. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na kiwango hicho ni kama mita 1,500, yaani si mbali na mapaa. 700 hPa ni kama mita 3,000. Nukta zikijaa upande wa Zambia na upepo wa 850 ukitoka kusini-mashariki, tarajia moshi. Ukivuma kwingine, nukta hata mia zisikutishe.

Nukta nazo zina uongo wake. Tanuru za kuyeyushia shaba hutoa nukta mahali palepale. Nenda FIRMS, ramani ya moto ya NASA, rudi hadi mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea: nukta ikiwa bado ipo, si moto wa pori. Na tanuru la makala lililofunikwa udongo kwa kawaida halionekani kabisa, ingawa linatoa moshi siku kadhaa. Saa za FIRMS ni za UTC (saa ya kimataifa), ongeza mbili upate saa ya Lubumbashi. Simu iliyowekwa saa ya Kinshasa itakukosesha saa moja.

Mavumbi ya barabara za migodi ni habari nyingine. Ile picha ya setelaiti ya hali ya hewa ya Meteosat inayoonyesha vumbi kwa rangi ya waridi inafaa kwa Sahara. Mavumbi yetu ni machache mno na yako chini mno, na moshi hauonekani humo kabisa. Jaribu picha za setelaiti za Sentinel-2 kwenye tovuti ya Copernicus Browser: kila nukta ya picha ni mita 10, na picha mpya huja kila siku tano. Marundo ya mabaki ya mgodi yataonekana vizuri. Mavumbi yenyewe, siku ya upepo mkali tu.

Kwa asubuhi, tegemea macho. Chagua sehemu moja ambapo bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines huonekana, litazame kila siku saa moja asubuhi, andika kama ncha inaonekana. Mwenye kipima PM2.5 (chembe ndogo sana za moshi na vumbi hewani) alinganishe na kiwango cha 2021 cha WHO, Shirika la Afya Duniani: mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 24. Nyumbani kukiwa na mwenye pumu, michezo ya nje isubiri hadi saa nne.

Worldview hula mega nyingi za intaneti. Tumia wvs.earthdata.nasa.gov, andika mipaka kwa nyuzi (kusini 13 hadi 9, mashariki 25 hadi 30), chagua ukubwa mdogo, upakue picha moja tu.