Unga wa majani wa vitamini D, usimpe mtoto

Wamama wenzangu wa Tukuyu na Rungwe yote, hii naiandika kwa sababu mimi mwenyewe kidogo tu nimpe mwanangu. Alichelewa kutembea, alivyoanza miguu ikapinda, matege kabisa, kliniki wakasema vitamini D iko chini wakampa dawa ya matone. Sasa sokoni nikakutana na mtu anauza unga wa majani, anasema vitamini D yake imeshakamilika, ni ya asili, kijiko kimoja kwenye uji basi. Nikanunua.

Bwana mifugo alikuja kumchoma ndama sindano akaiona ile pakiti mezani, nilivyomweleza akavuta kiti akakaa. Akasema mimea ya hivyo ipo kweli jamani, Argentina kuna mmoja wa jamii ya ndulele, Solanum glaucophyllum, na kule milima ya Alps kuna nyasi zinaitwa Trisetum flavescens, ila wafugaji wa huko wanaiogopa kama sumu. Ng'ombe akiila anakonda na malisho yapo, anatembea miguu imekakamaa mgongo umejikunja, na akichinjwa ule mshipa mkubwa wa moyo unakutwa umejaa chokaa, mgumu.

Sababu yake ndo iliyonishtua. Vitamini D ya jua ikishatengenezwa kwenye ngozi inapita kwenye ini, halafu figo ndo inaimalizia, na figo inapima, mwili ukitosheka inapunguza. Ile ya kwenye hiyo mimea imeshamaliziwa, haisubiri figo, kwa hiyo kalsiamu ya chakula, ambayo vitamini D ndo inaivuta, inaingia kwenye damu bila wa kuizuia mpaka inaganda kwenye mishipa na kwenye figo zenyewe. Na ule unga sijui hata ni majani gani, nimeutupa chooni.

Matone tuliendelea nayo kama tulivyoandikiwa, na jua. Huku kwetu mvua na ukungu tunawafunika watoto sweta, kofia, soksi, kanga juu, jua likitoka bado tunawaweka ndani dirishani, na kioo kinazuia mionzi yenyewe. Mtoe nje kuanzia saa nne hivi, mikono na miguu wazi, kwa muda mfupi tu asiungue.

Uyoga nao unasaidia. Naukata vipande nautandaza kwenye ungo, ile sehemu ya chini yenye mistari naigeuza iangalie juu, naanika juani mchana. Mwanga wa jua unatengeneza vitamini D2 humohumo kwenye uyoga, na hiyo ni salama kwa sababu bado itapita kwenye figo. Usipa wa Kyela pia, nausaga kabisa na vichwa vyake nachanganya kwenye mboga.

Kama ulishampa mtoto unga wa hivyo na unaona anatapika, ana kiu sana, anakojoa mara kwa mara au choo kimekuwa kigumu, nenda hospitali leo leo na hiyo pakiti mkononi.