Kikao cha Novemba: kupanga mwaka wa shule katika kata za tumbaku

Kwa walimu wakuu wapya wa shule za msingi mliopangiwa Urambo, Kaliua na Sikonge mkoani Tabora: kikao cha pamoja cha kupanga mwaka kifanyike Novemba. Darasa la saba wameshaondoka, darasa la nne wameshafanya upimaji, na walimu hawajatawanyika likizo. Januari ni ya kuandikisha na kutafuta madawati, hakuna atakayetulia kupanga.

Afisa elimu kata huitisha. Kila shule ilete watu watatu: mwalimu mkuu, msaidizi wake na mwalimu wa taaluma. Waje na idadi ya wanafunzi kwa darasa na jinsia, orodha ya walimu na masomo wanayoyamudu, salio la akaunti, na mahudhurio ya mwaka unaoisha, mwezi kwa mwezi. Hayo ya mwisho ndiyo husahaulika, na ndiyo yenye faida kuliko yote.

Msianze na asilimia za ufaulu. Vikao vingi humaliza saa mbili vikibishania kama lengo liwe 85 au 90, soda zikifika mjadala umekwisha, na siku za kufundishia hazijahesabiwa. Anzeni na siku. Kalenda za miaka ya karibuni zina siku 194 za masomo, sawa na wiki 39 hivi. Somo la vipindi vitano kwa wiki lingekuwa na vipindi 195. Ondoeni wiki mbili za majaribio ya nusu muhula na mbili za mitihani ya mihula: zinabaki wiki 35, vipindi 175. Azimio la kazi, yaani mpango wa mada za somo kwa mwaka mzima, liandikwe kwa hivyo 175. Anayepanga kwa 195 hufika Novemba mada za mwisho hazijaguswa, na mara nyingi ndizo ngumu.

Sasa fungueni mahudhurio. Kuanzia Januari hadi Aprili tumbaku inachumwa, inafungwa na kukaushwa mabanini (majengo ya kukaushia tumbaku), na familia nyingi huhamia mashamba ya mbali pamoja na watoto. Darasa la wanafunzi 80 likibaki na 50 mwezi Februari, mada inayobeba nyingine, mfano sehemu (kama nusu na robo) katika hisabati, haifai kufundishwa mwezi huo na kuachwa hapo. Itengewe marudio Mei, na vipindi vyake vionekane ndani ya azimio. Marudio ya "tukipata nafasi" hayafanyiki.

Kwa sababu hiyohiyo, mtihani wa ujirani mwema, yaani wa pamoja kwa shule jirani, usiwekwe Machi, maana mtakuwa mnapima nani yuko shambani. Mkubaliane tarehe, kisha mkubaliane mtihani utaishia mada gani kwa kila somo. Bila mpaka huo, shule inayotunga hutunga ilipofika yenyewe, na malalamiko huanza siku ya matokeo. Shule moja itunge, nyingine ihakiki, ya tatu isahihishe. Karatasi nazo zihesabiwe mapema: wanafunzi 480, masomo sita, kurasa nne kila somo, ni kurasa 11,520. Mkidurufu pande zote mbili ni karatasi 5,760, yaani rimu 12, na za kuharibu zinabaki 240 tu. Nunueni 13.

Fedha ni hesabu fupi. Ruzuku inayofika shuleni kwa utaratibu wa sasa wa shule za msingi ni shilingi 6,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule ya wanafunzi 500 ina milioni 3, kama 250,000 kwa mwezi. Kabla ya kugawa mafungu, linganisheni rejesta na idadi ya wanafunzi iliyomo kwenye mfumo wa takwimu wa serikali. Na bati linalovuja lishughulikiwe kabla ya mvua, maana Novemba tayari inanyesha: ukarabati wa mwaka ujao upangiwe Agosti au Septemba.

Chakula cha mchana hukwama kwa kuombwa wakati mbaya. Januari hadi Machi maghala yako tupu, na mzazi anayenunua mahindi ya kula hana ya kuchangia. Kamati ya shule ipeleke hoja mkutano wa kijiji Juni au Julai, mahindi yakiwa yamevunwa na masoko ya tumbaku yamefunguliwa. Mchango ukubaliwe kwa debe, si kwa fedha, na upokelewe mbele ya wajumbe wawili wa kamati. Mahindi yasipotosheleza shule nzima, anzeni na uji kwa darasa la awali, la kwanza na la pili.

Wekeni pia tarehe ya kikao cha pili, wiki ya mwisho ya Machi. Kila shule irudi na azimio lililowekewa alama pale ilipofika, ndipo vipindi vya Mei vigawanywe upya.